Core i5-1335U na Ryzen 5 7530U: ipi inakupa kazi zaidi kwa hela ileile

Laptopu mbili zimewekwa kando kwa kando. Gamba ni lilelile, skrini ni ileile ya inchi 15.6, kibodi haina tofauti, RAM ni GB 16 na SSD ni GB 512. Kinachozitenga ni stika ndogo chini ya kibodi: moja inasema Intel Core i5, nyingine inasema AMD Ryzen 5. Ukisoma karatasi ya sifa unakuta ya kwanza imebeba prosesa (chipu inayofanya hesabu zote za mashine) ya Core i5-1335U, ya pili Ryzen 5 7530U. Bei hazilingani, na mnunuzi anabaki na swali moja: hiyo nyongeza inanunua nini hasa?

Msimamo wangu ni kwamba kwa hizi mbili, jina la prosesa ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni wati ambazo kiwanda kimeiruhusu itumie, feni iliyopewa, na jinsi RAM ilivyopangwa. Laptopu ya prosesa inayoonekana dhaifu, ikipangwa vizuri, huiacha nyuma ile ya prosesa kali iliyobanwa. Ila zipo kazi ambako prosesa zenyewe hutofautiana waziwazi hata mengine yote yakiwa sawa, na hizo lazima zitajwe moja moja.

Kilichomo ndani

Zote mbili zilitangazwa Januari 2023 na zote zimeandikiwa wati 15. Ukishavuka hapo hazifanani.

Ryzen 5 7530U ina viini sita (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja) vya aina moja, vya muundo wa Zen 3. Kila kiini kinabeba nyuzi mbili, yaani mikondo miwili ya kazi, hivyo mfumo unaona nyuzi 12. Mwendo wa msingi ni GHz 2.0, na kiini kikipata nafasi hupanda hadi GHz 4.5. Kache ya L3 (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ni MB 16, na viini vyote sita vinaichangia. Usidanganywe na tarakimu 7 iliyotangulia: ndani yake ni prosesa ileile ya mwaka 2022 iliyoitwa Ryzen 5 5625U, iliyoongezwa mwendo kutoka GHz 4.3 na kupewa jina jipya. Ukikuta laptopu ya 5625U ina bei ya chini na mengine yote ni sawa, ichukue. Tofauti ya GHz 0.2 kwenye kilele haitakufikia mkononi.

Core i5-1335U ina viini kumi, lakini vya aina mbili. Viwili ni vikubwa, vinavyoitwa P, vinafika GHz 4.6 na kila kimoja kina nyuzi mbili. Vinane ni vidogo, vinavyoitwa E, vinafika GHz 3.4 na kila kimoja kina uzi mmoja. Jumla ni nyuzi 12, sawasawa na Ryzen. Kache ya L3 ni MB 12. Hii nayo ina pacha mkubwa, i5-1235U ya mwaka 2022, yenye mpangilio uleule wa viini viwili na vinane na mwendo pungufu kidogo: 4.4 na 3.3. Mdogo wao wa mwaka 2024, Core 5 120U, amebaki na viini vilevile viwili na vinane na kupandishwa hadi GHz 5.0. Kwa hiyo karibu kila kitu kilichoandikwa hapa kinawahusu na hao.

Kumi dhidi ya sita inaonekana kama mechi iliyokwisha kabla ya kuanza. Siyo. Kiini cha E kimechongwa kidogo makusudi ili kifanye kazi ya pembeni kwa umeme mdogo, na huwezi kukihesabu kama kiini kizima. Kinyume chake pia ni kweli: viini viwili vya P ni vikali kuliko kiini chochote cha Zen 3, na ubora huo hauonekani kwenye hesabu ya viini.

Kazi ya uzi mmoja

Kufungua programu, kuchora ukurasa mzito kwenye kivinjari, kukokotoa jedwali lenye fomula ndefu, kutafuta ndani ya hati: hizi kwa sehemu kubwa hutegemea kiini kimoja kikimbie sana kwa muda mfupi. Hapa Intel inaongoza. Kwenye vipimo vya uzi mmoja kama Cinebench R23, i5-1335U huizidi 7530U kwa kati ya sehemu moja ya kumi na sehemu moja ya tano, kutegemea laptopu.

Lakini kiweke kipimo hicho kwenye maisha ya mtumiaji. Ukurasa uliokuwa ukichukua sekunde 2 sasa unachukua takriban sekunde 1.7. Jicho likijua la kutafuta litaiona tofauti, ila haibadilishi siku ya mtu. Inabadilisha siku ya mtu ambaye kazi yake yote iko kwenye uzi mmoja: mwenye majedwali ya makumi ya maelfu ya mistari, au anayetumia programu ya kuchora ramani za majengo, ambayo nyingi hazijui kugawa kazi kwa viini vingi. Huyo achukue Intel bila kusitasita.

Wati, mahali ambapo ugomvi unaamuliwa

Wati 15 zilizoandikwa kwenye sifa ni kiwango cha msingi, na i5-1335U inaruhusiwa na Intel kuruka hadi wati 55 kwa muda mfupi. Mpangilio wake una vikomo viwili: kikomo cha juu cha mruko, kinachoitwa PL2, na kikomo cha kudumu, kinachoitwa PL1. Muda wa mruko kwa kawaida ni sekunde 28. Ukipita, prosesa inashushwa hadi PL1, na PL1 ni uamuzi wa kiwanda kilichojenga laptopu. Kimoja huweka wati 15, kingine 20, kingine 28. Stika ni ileile, jina ni lilelile, lakini kasi ya dakika ya tano haifanani hata kidogo. AMD nayo ina vikomo vya aina hiyo, na viwanda hupanga vyao vilevile, ila mruko wake si wa juu kama wa Intel.

Ndiyo maana majaribio ya dukani yanapotosha. Kila kinachofanyika ndani ya dakika moja, kama kufungua faili, kubana picha chache au kupima kwa programu ya haraka, kinaangukia ndani ya mruko, na Intel inang'ara. Kazi ya dakika ishirini inasema mengine. Viini kumi vikigawana wati 15, kila kimoja kinapata umeme kidogo sana, na vile viwili vikubwa ndivyo vinavyoumia zaidi, kwa sababu GHz za juu hula umeme bila kiasi. Viini sita vya Zen 3 vimetulia vizuri zaidi kwenye kiwango hicho. Kwa laptopu nyembamba zilizobanwa kwenye wati 15 hadi 18, Ryzen hulingana na Intel au huipita kwenye kazi ya viini vyote. Intel ikipewa wati 25 hadi 30 za kudumu na feni yenye nguvu, inapanda, inaifikia, na pengine kuipita.

Kwa hiyo pima laptopu yenyewe, usipime jina. Njia ni hii. Chomeka chaja iliyokuja nayo, weka mfumo kwenye hali ya ufanisi wa juu, na kama kiwanda kimeweka programu yake ya kudhibiti feni, itoe kwenye hali ya kimya. Funga vivinjari vyote. Fungua HWiNFO64 (programu inayoonyesha wati na joto la prosesa) upande wa vipima, utafute mstari ulioandikwa CPU Package Power, joto la prosesa na mwendo wa viini. Kisha anzisha Cinebench R23 kwenye jaribio la viini vyote la dakika kumi. Andika wati, joto na mwendo mara tatu: sekunde ya 20, dakika ya 2, na dakika ya 9.

Tofauti ya sekunde ya 20 na dakika ya 9 ndiyo habari yenyewe. Wati zikishuka kutoka 40 hadi 15 huku joto likiwa nyuzi joto 70 tu za Selsiasi, hakuna kilichoharibika: kiwanda kimeweka PL1 ya chini, na hata ukisafisha feni hupati kitu. Wati zikishuka huku joto limesimama kwenye nyuzi 95 au zaidi, tatizo ni upoozaji. Kwenye laptopu mpya maana yake ni feni ndogo au pesti ya joto iliyopakwa vibaya. Kwenye laptopu ya mtumba mara nyingi ni vumbi lililojaa kati ya mapezi ya shaba, ambalo fundi analitoa kwa muda mfupi. Na wati zikiwa zinayumbayumba, mara 12 mara 25 mara 12, angalia chaja kwanza. Laptopu inayotaka chaja ya wati 65 ikipewa ya wati 45 kwenye tundu la USB-C huibana prosesa ili betri isiliwe, na mtumiaji akadhani prosesa ni mbovu.

Rudia jaribio ukiwa umechomoa chaja. Baadhi ya laptopu hushuka sana zikiwa kwenye betri, na karatasi ya sifa haikwambii. Anayefanya kazi zake mbali na umeme anahitaji namba hiyo kuliko ile ya kwanza.

RAM inayoua nusu ya grafiki

Hakuna kosa la ununuzi linaloumiza prosesa hizi kama kipande kimoja cha RAM.

Hazina kadi ya grafiki ya pekee. Ryzen ina Radeon ya kizazi cha Vega yenye vitengo 7 na mwendo wa GHz 2.0, Intel ina Iris Xe yenye vitengo 80. Vitengo hivyo havilinganishwi kwa hesabu, kwa kuwa kila kampuni inahesabu kwa namna yake. Kinachozifananisha ni kwamba zote hukopa RAM ileile inayotumiwa na prosesa, na zote hufa njaa RAM ikiwa ya njia moja, yaani ikiunganishwa na prosesa kwa mfereji mmoja tu wa data. Hesabu yake ni rahisi: DDR4-3200 (aina ya RAM na kasi yake) kwenye njia moja hubeba GB 25.6 kwa sekunde, na kwenye njia mbili GB 51.2. Ukiwa na kipande kimoja cha GB 16 umenunua ujazo wote ila umelipia nusu ya barabara.

Kwa Intel dalili iko wazi. Ukiwa na njia moja, kidhibiti cha vifaa (Device Manager) hakiandiki Iris Xe. Kinaandika Intel UHD Graphics. Silikoni ni ileile, jina limevuliwa kwa sababu sharti la njia mbili halikutimia. Kwa Ryzen jina halibadiliki, kwa hiyo lazima uchunguze mwenyewe. Fungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc, nenda sehemu ya ufanisi, gusa kumbukumbu, usome sloti ngapi zimetumika. Uhakika zaidi uko kwenye CPU-Z, ukurasa wa kumbukumbu: kwa DDR4 unataka kuona neno Dual au 2 x 64-bit. Kwa DDR5 mambo yanachanganya, kwa kuwa kipande kimoja tayari kimegawanywa vipande viwili vya biti 32. Jumlisha biti zote: 64 ni kipande kimoja, 128 ndiyo njia mbili kamili.

Laptopu nyingi za daraja hili huja na GB 8 zilizochomelewa kwenye ubao na sloti moja tupu. Ukiongeza kipande cha GB 8 unapata njia mbili kwa GB zote 16. Ukiongeza cha GB 16 unapata GB 24, ambapo GB 16 za kwanza zinatembea njia mbili na GB 8 zinazobaki zinatembea njia moja. Huo ni mpangilio mzuri pia, wala usiogope kuuchanganya. Kipande kipya kiwe DDR4 ya volti 1.2, umbo dogo la SODIMM, kasi 3200. Ukiweka cha 2666, vyote viwili vitateremka hadi 2666.

Hapa upo ubora mmoja wa Intel usiotangazwa sana: i5-1335U inakubali DDR4 na pia DDR5 na LPDDR5, ilhali 7530U inaishia kwenye DDR4-3200 na LPDDR4x. Laptopu ya Intel yenye DDR5-5200 njia mbili inabeba GB 83.2 kwa sekunde, na grafiki zake hupumua. Ila kiwanda ndicho kinachochagua, na laptopu nyingi za bei ya chini zenye prosesa hii bado zimewekewa DDR4. Soma sifa za kumbukumbu kabla ya kuilipia faida hiyo.

Ukiwa na Ryzen, angalia pia RAM iliyotengwa kwa grafiki. Kwenye Task Manager inaandikwa kama kumbukumbu iliyohifadhiwa na vifaa. Ikiwa GB 2 kwenye mashine ya GB 8, umebaki na GB 6 za kufanyia kazi. Kama BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) ina sehemu ya kuibadilisha, MB 512 zinatosha kwa kazi za ofisi, maana grafiki zikihitaji zaidi hukopa zenyewe.

Video, na kidogo kuhusu betri

Intel inasimbua video za AV1 (mojawapo ya miundo ya kubana video) kwa kifaa chake cha ndani. 7530U haina kifaa hicho. Inacheza H.264, H.265 na VP9 kwa wepesi, lakini ikiletewa AV1, viini vyenyewe ndivyo vinavyobeba mzigo. Kwa ukubwa wa 1080p video itacheza bila kukatika, ila feni itaanza kusikika na betri itashuka haraka. Dawa ni nyongeza ya kivinjari inayokataa AV1 ili tovuti ilete VP9 au H.264. Baada ya kuiweka, bofya video kwa kitufe cha kulia, fungua takwimu za video, uhakikishe mstari wa kodeki (muundo wa kubana video) hauanzi na av01. Mtu anayetazama video saa nyingi kwa siku akiwa kwenye betri ana sababu halali ya kuchagua Intel.

Kwa betri kwa ujumla, usisikilize hadithi za prosesa kabla hujasoma ujazo wa betri. Laptopu ikila wastani wa wati 7 kwenye kazi nyepesi, betri ya Wh 42 inadumu saa 6, ya Wh 57 saa 8 na ushei. Hakuna tofauti ya prosesa hizi mbili inayoweza kukupa saa mbili. Kwa mashine ya mtumba, andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, ufungue faili inayotoka, ulinganishe ujazo wa kiwandani na ujazo wa sasa. Ukiona 57 imekuwa 31, hesabu bei ya betri mpya ndani ya bei ya laptopu.

Viini viwili vikubwa na vinane vidogo kwenye kazi halisi

Mpangilio wa Intel unahitaji mfumo wenye akili ya kujua kazi gani iende wapi. Windows 11 ina akili hiyo, Windows 10 haikuipata kikamilifu, na msaada wake ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo usiweke Windows 10 kwenye i5-1335U. Hata kwenye Windows 11 kuna mtego: ukianzisha kazi nzito, tuseme kubadili video kuwa muundo mwingine, kisha ukalishusha dirisha lake ili usome barua, mfumo huweza kuihesabu kama kazi ya nyuma na kuisukumia viini vya E. Kazi ya dakika 20 ikawa ya dakika 30, na mwenyewe hajui kwa nini. Suluhisho ni kuweka hali ya umeme kwenye ufanisi wa juu kabla ya kuanza, au kuliacha dirisha la kazi liwe mbele.

Mashine pepe (kompyuta ya programu inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi) ni kesi nyingine. Ukiipa mashine pepe viini vinne, ndani yake inaviona vinne sawa, ilhali chini yake kimoja kinaweza kuwa cha P na vitatu vya E. Kasi inakuwa ya kubahatisha. Kwenye Ryzen kiini ni kiini. Ukigawa vitatu kwa mashine pepe, vinabaki vitatu vya aina ileile kwa mwenyeji. Kwa mwanafunzi wa mitandao anayewasha mashine pepe tatu nne kwa pamoja, au anayeandika programu na kuzijenga mara kwa mara kwenye kontena (vifurushi vya programu vilivyotengwa), ningempa Ryzen yenye GB 16 au zaidi. Utulivu huo una thamani kuliko alama za uzi mmoja.

Wanaotaka kuendesha modeli za lugha (programu za akili mnemba zinazoandika maandishi) kwenye mashine yao wajue kwamba hapa kikomo ni RAM zaidi ya prosesa. Modeli ya GB 4 lazima isomwe yote kwa kila tokeni (neno au kipande cha neno) inayotoka. Kwa GB 51.2 kwa sekunde, dari ya kinadharia ni tokeni 12 hivi kwa sekunde. Kwa njia moja ni 6. Tena hakuna hata moja kati ya hizi yenye NPU (sehemu maalumu ya kazi za akili mnemba), kwa hiyo tangazo lolote la vipengele vya akili mnemba vinavyohitaji NPU haliwahusu.

SSD ipite haraka: Intel ina PCIe 4.0 (njia ya data kati ya SSD na prosesa), Ryzen PCIe 3.0. Kunakili faili za makumi ya GB utaona tofauti ikiwa SSD zote mbili ni za haraka. Kuwasha mashine na kufungua programu hutaiona. Thunderbolt 4 (muunganisho wa kasi kupitia tundu la USB-C) ipo kwenye uwezo wa Intel, lakini kiwanda kisipoweka saketi zake tundu linabaki USB-C la kawaida. Tafuta alama ya radi kando ya tundu, kisha ithibitishe kwenye sifa za modeli hiyo.

Tarakimu moja inayobadili kila kitu

Kuna mtego ambao unawapata watu wengi kuliko mingine yote, nao ni Ryzen 5 7520U. Inatofautiana na 7530U kwa tarakimu moja na mara nyingi inauzwa chini ya stika ileile ya Ryzen 5. Ndani yake kuna viini vinne badala ya sita, vya Zen 2 badala ya Zen 3, kache ya L3 ya MB 4 badala ya 16, na grafiki za vitengo viwili tu. RAM yake ni LPDDR5 iliyochomelewa, haiongezeki kamwe. Kwa hati na kivinjari inatosha, lakini haistahili kulipiwa bei ya 7530U. Kwenye mfululizo huo, tarakimu ya tatu ndiyo inayotaja kizazi cha muundo: 2 ni Zen 2, 3 ni Zen 3, 4 ni Zen 4. Na 7535U, yenye 5 mwishoni, ni bora kuliko 7530U: ina grafiki mpya zaidi na inasimbua AV1.

Upande wa Intel, i3-1315U ina viini viwili vya P na vinne tu vya E, na i3-N305 haina kiini hata kimoja cha P. Herufi ya mwisho nayo isomwe: i5-1340P ina viini vinne vya P, si viwili, na imepangiwa wati 28. Ukiikuta kwa bei ya 1335U kwenye gamba lenye feni ya maana, mjadala wa makala hii umekwisha.

Hesabu ya thamani

Watu hugawanya bei kwa alama za kipimo na kuchagua yenye namba ndogo. Hesabu hiyo inadanganya kwa sababu bei ni ya laptopu nzima na alama ni za kipande kimoja. Fanya hivi badala yake. Bei ya laptopu ya Ryzen iite 100. Ya Intel tuseme ni 115. Jiulize hizo 15 zingenunua nini upande wa Ryzen. Kama laptopu hiyo ina kipande kimoja cha GB 8, sehemu ya hizo 15 inanunua kipande cha pili, na hapo grafiki zinapata barabara mara mbili na kivinjari kinaacha kupakia upya kurasa kila ukirudi kwenye kichupo. Hakuna mtu atakayeona ongezeko la asilimia 15 la uzi mmoja kwa ukubwa wa kiwango hicho.

Geuza hali: Intel ya 115 ina GB 16 za DDR5 za njia mbili na betri ya Wh 57, Ryzen ya 100 ina kipande kimoja na betri ya Wh 42 iliyofungiwa. Sasa 115 ndiyo rahisi. Kwa maoni yangu, laptopu zikiwa sawa kwa RAM, betri na skrini, nyongeza inayostahili kulipwa kwa ajili ya 1335U haivuki 5 hadi 7 kwa mia, na mtu wa mashine pepe asilipe hata hiyo. Na kama moja ina skrini hafifu inayofunika asilimia 45 tu ya rangi za NTSC na nyingine ina inayofunika sRGB yote (vyote ni vipimo vya upana wa rangi), tofauti hiyo utaiona kila dakika unayoitumia; prosesa utaikumbuka mara chache.

Ukishaileta nyumbani, usiache muda wa kurudisha upite bure. Siku ya kwanza maliza masasisho ya Windows na ya BIOS, maana kupima katikati ya masasisho ni kazi bure. Siku ya pili fanya jaribio la dakika kumi mara mbili, kwenye chaja na kwenye betri, uangalie njia za RAM, utoe ripoti ya betri. Wati za dakika ya 9 zikiwa chini ya 12 ukiwa kwenye chaja na hali ya ufanisi wa juu, au joto likigota nyuzi 95 na zaidi huku mwendo wa viini ukishuka chini ya GHz 2, irudishe ukiwa na picha za HWiNFO64 mkononi, kabla hujahamishia faili zako humo.